Printa Iliyokaa Chumbani kwa Meneja

Meneja alitaka printa ikae chumbani kwake, mimi nilitaka ikae mapokezi. Tulibishana kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, yeye amekaa nyuma ya meza yake, mimi nimesimama mlangoni na bunda la waya begani, na mwishowe akashinda yeye kwa kuwa ndiye meneja.

Ilikuwa ofisi ndogo ya umoja wa wakulima wa kahawa, upande wa Kyerwa, njia ya kwendea Songambele. Jengo la bati lenye vyumba vinne vilivyofuatana kwenye baraza moja: mapokezi nilipokaa mimi, kisha mama mhasibu, kisha bwana shamba, na mwisho kabisa meneja. Nyuma kulikuwa na ghala, mbele uwanja wa kuanikia kahawa. Mimi niliajiriwa kutunza kumbukumbu, lakini kwa sababu nilikuwa nimesoma mambo ya kompyuta Bukoba, kila kitu chenye waya kiliangukia mikononi mwangu.

Kabla ya hapo, aliyetaka kuchapa chochote alibeba flashi mpaka chumbani kwa meneja, akamwomba apishe kitini, akachapa. Flashi zilizunguka na virusi vikazunguka nazo. Mashine ya bwana shamba iliwahi kuficha mafaili yake yote, akabaki ameikodolea macho kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa. Ndipo wakubwa wakakubali tuwe na mtandao wa ndani na printa mpya moja itakayotumiwa na wote. Ila printa waliyotuletea haikuwa ya kujitegemea. Ilitaka kuchomekwa kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ndiyo iwagawie wenzake.

"Ikikaa mapokezi kila mpita njia atasoma karatasi zetu," alisema meneja. "Na ninyi mnachapa ovyo. Ikiwa hapa kwangu, kila karatasi nitaiona."

"Mzee, ila ukizima kompyuta yako, ofisi nzima imekwama."

"Sitaizima."

"Na kila mtu atakuwa anakugongea mlango."

"Wagonge. Mlango umewekwa ili ugongwe."

Basi nikatandaza waya. Nilipanda ngazi, nikapitisha waya juu ya dari toka chumba hadi chumba, vumbi la popo likinijaa kwenye ushungi, na chini bwana shamba akishika ngazi huku akiniuliza kama huko juu kuna nyoka. Waya zote zikashukia kwenye kijisanduku kimoja chenye taa za kijani, nikakipigilia ukutani juu ya meza yangu. Kisha nikaanza kuingiza programu ya printa kwenye kila mashine. Kila kompyuta niliipa jina la chumba chake ili nisichanganyikiwe: MAPOKEZI, UHASIBU, SHAMBA, MENEJA. Ile ya bwana shamba ilikuwa kuukuu, ikaikataa programu, ikanidai nywila ambayo hakuna aliyewahi kuiweka. Nilihangaika nayo mchana kutwa. Ilipokubali, ilikubali yenyewe tu baada ya kuzimwa na kuwashwa, na mpaka leo sijui ni kitu gani nilichokifanya safari hiyo ambacho sikukifanya safari za mwanzo.

Karatasi ya kwanza niliituma kutoka mapokezi nikiwa sijamwambia mtu. Meneja alikuwa chumbani mwake anakunywa chai. Tukamsikia anaita, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyeguswa bega na asiyemwona.

"Nani amebonyeza hii mashine?"

Tulipofika tulimkuta amesimama mbali na printa, kikombe mkononi, akiiangalia inavyovuta karatasi. Nilimweleza kwamba ni mimi, nimeituma toka kule. Aliichukua ile karatasi, akaigeuza upande wa nyuma, akaigeuza tena. "Imepita ukutani," akasema. Kuanzia siku ile aliipenda ile printa kuliko sisi sote. Karatasi ikitoka, yeye ndiye aliyeitoa, akaisoma, akaipiga mezani ili kingo zilingane, ndipo akakukabidhi. Na kama ina kosa la Kiswahili, hukuipata mpaka ukalirekebishe.

Alikuwa mwalimu kabla hajaja kwetu, na Kiswahili ndicho alichofundisha. Ukisema "nasemaga" au "tunaendaga," kama sote tusemavyo kanda hii, alikusimamisha hapo hapo. Alikuwa Mnyambo wa Nyakakika, Mlutheri, mwenye kibanja cha migomba na mibuni aliyoachiwa na baba yake, lakini ndani ya ofisi hakuruhusu Kinyambo. Mama mhasibu na bwana shamba wakijisahau wakaanza kuongea chao, aligonga meza kwa kalamu. "Hapa kuna mtu asiyeelewa," alisema, akimaanisha mimi. Na kweli sielewi. Babu yangu alikuja Karagwe kutoka upande wa Pangani kufuata biashara, na duka la vitambaa la mama yangu liko Omurushaka tangu sijazaliwa, lakini nyumbani kwetu ni Kiswahili kitupu. Kinyambo nilichokuwa nacho ni cha kaunta: hesabu, rangi, na jinsi ya kumwambia mteja bei haishuki.

Yaliyotokea yalitokea asubuhi ya mvua, msimu wa kugawa miche ya kahawa. Lori la miche lilikuwa limefika uwanjani, na wakulima waliojiandikisha walikuwa wamejibanza barazani, wengi wao kutoka Isingiro na Songambele, akina mama wamejifunika mifuko ya nailoni kichwani. Bwana shamba alitakiwa kumpa kila mmoja karatasi yenye maelezo ya kupanda. Akaichapa. Haikutoka. Akaja kwangu.

"Mtandao wako umekufa."

"Haujafa. Subiri."

Nilituma karatasi kutoka kwangu. Kioo cha kompyuta kikaniambia printa haipatikani. Mama mhasibu naye akaita kutoka chumbani kwake kwamba kwake pia ni hivyo hivyo. Barazani watu walianza kunung'unika, na mzee mmoja akauliza kama miche inasubiri mashine ndipo iote. Nilitazama kijisanduku cha taa. Taa yangu ilikuwa inawaka, ya uhasibu inawaka, ya shamba inawaka. Ya nne, ya meneja, ilikuwa giza.

Nikajua amezima. Aliniahidi hatazima, na sasa amezima, siku ambayo uwanja umejaa watu. Nilitembea barazani nikiwa nimekasirika, nikiyapanga maneno kichwani, namna ya kumwambia mkubwa jambo kama hilo bila kumkosea adabu. Nikagonga. Kimya. Nikamuuliza mlinzi kama mzee ametoka.

"Hajatoka. Nimempelekea chai mwenyewe."

Nikagonga tena, nikazungusha kitasa. Mlango haukuwa umefungwa. Ulifunguka kidogo, ukagota kwenye kitu. Nikadhani ni maboksi ya karatasi, maana alikuwa na tabia ya kuyarundika pale. Nikausukuma kwa bega. Kile kitu kikasogea kidogo, kikarudi. Nikausukuma tena kwa nguvu zaidi, nikachungulia chini kwenye ule upenyo, nikaona kiatu. Soli ya kiatu cheusi, na soksi, na nyama ya mguu iliyo wazi kati ya soksi na suruali.

Nilikuwa nimemsukuma mtu. Nilisimama pale na mkono kwenye kitasa. Bwana shamba, aliyekuwa nyuma yangu, anasema nilimgeukia nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Printa haina tatizo." Mimi silikumbuki neno hilo. Ninachokumbuka ni kwamba nilijipenyeza kwa ubavu, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mwembamba, ushungi ukanasa kwenye komeo ukabaki huko, nikaangukia magoti ndani.

Alikuwa amelala chali karibu na mlango. Bila shaka alijisikia vibaya, akainuka kwenda nje. Kwa mkono wa kushoto alikuwa bado ameshika waya wa umeme aliouvuta mezani alipokuwa anaanguka. Kompyuta ilikuwa imezimika, chai imemwagika chini ya printa. Macho yake yalikuwa wazi. Hilo ndilo lililonishtua kuliko kiatu. Alikuwa ananitazama, na nikaelewa kwamba alikuwa ananitazama muda wote nilipokuwa nagonga na kusukuma. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja kama umefungwa kamba.

"Mzee," nikasema. "Mzee, ni mimi."

Akasema, "Amaizi."

Neno hilo nalijua, na asiyelijua angelikisia. Anataka maji. Nikainuka kuchukua jagi, na mama mhasibu, ambaye tayari alikuwa amechungulia mlangoni, akaniambia kwa ukali, "Usimpe. Atapaliwa. Mama mkwe wangu alikuwa hivi hivi." Nikaliweka jagi chini. Yeye akaendelea kuniomba, amaizi, amaizi, na mimi nimepiga magoti karibu yake na jagi limejaa, simpi.

Tulimsogeza polepole ili mlango ufunguke. Wale wakulima waliokuwa wananung'unika hawakuulizana lolote. Wakaleta turubai la kuanikia kahawa, wakalikunja mara mbili, wakamwingiza, wakashika kingo, wanaume kwa wanawake, wakambeba hivyo kwenye mvua mpaka kwenye lori. Gari lingine halikuwepo. Waliipanga miche pembeni, wakamlaza katikati. Nilipanda nikapakata kichwa chake. Kichwa changu kilikuwa wazi mbele ya watu wote wale, na mama mmoja wa makamo, mkulima wa Isingiro nisiyemjua, alipanda nyuma yangu, akavua kanga aliyojifunga kiunoni, akanifunika. Kisha akakaa upande wa pili, akamshika mzee mkono.

Lori lilipoanza kupanda mlima, meneja akaanza kuongea. Maneno yalikuwa mazito, yanavutana, lakini yalikuwa mengi, na yote yalikuwa Kinyambo. Mwanzoni sikulitilia maanani. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba tunakwenda hospitali, kwamba atulie. Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu anayenifahamu. Alinitazama kama mgeni aliyeingia nyumbani kwake bila hodi. Akamgeukia yule mama, akamwambia neno refu, sauti yake ikipanda mwishoni.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza kama kahawa imeanuliwa. Mvua hii itailoanisha."

"Mwambie imeanuliwa."

Yule mama akamwinamia, akamjibu taratibu kwa Kinyambo, akimalizia na *waitu*, lile neno la heshima wanalolitumia wao. Mzee akatulia kidogo. Baada ya mwendo mfupi akauliza tena swali lile lile, na yule mama akamjibu tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaulizwa. Hivyo ndivyo tulivyokwenda njia nzima, majani ya miche yakitupiga usoni, wawili hao wakiongea, mimi nimepakata kichwa cha mtu niliyefanya naye kazi kila siku na siwezi kumwelewa.

Hospitalini daktari kijana alimmulika macho kwa tochi, akampima presha, akamwambia ainue mikono. Mmoja uliinuka. Kisha akamuuliza kwa Kiswahili, "Mzee, unaitwa nani?"

Meneja hakujibu.

"Baba, hapa ni wapi?"

Mzee alimtazama daktari, akanitazama mimi, akatazama dari. Hakuwa amezimia. Alikuwa anasikia. Nilijua anasikia kwa sababu jicho lake zima lilikuwa linajaa machozi. Yule mama wa Isingiro alipouliza maswali yale yale kwa Kinyambo, alitaja jina lake, jina la baba yake, na jina la kijiji.

Daktari akatutoa nje, akatueleza. Ni kiharusi. Wakati mwingine, alisema, kinagusa lugha aliyojifunza mtu shuleni na kuiacha ile aliyonyonya nayo. "Inaweza kurudi. Inaweza isirudi yote." Kisha akasema jambo lingine, akiandika, bila kuniangalia. "Mmewahi. Wengi tunaletewa jioni, wakikutwa na familia. Nani alimkuta?"

"Huyu," akasema mama mhasibu, aliyekuwa ametufuata na bodaboda.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Nilikuwa nawaza printa. Najua si jambo la kuwaza wakati kama huo, lakini ndilo nililowaza. Kama ningeshinda mimi, ingekuwa mapokezi, mbele ya meza yangu. Karatasi za bwana shamba zingetoka bila shida, miche ingegawiwa, wakulima wangeondoka, na hakuna ambaye angekuwa na sababu ya kugonga ule mlango wa mwisho mpaka saa za kufunga. Mlinzi alikuwa ameshapeleka chai. Nilimweleza mama mhasibu.

"Nyamaza," akaniambia. "Nami nimeshaliwaza."

Mke wa meneja alifika alasiri kutoka Nyakakika, mama mnene mpole, na begi la nguo na chupa ya uji. Alipomsikia mumewe anaongea Kinyambo alianza kumjibu kama kawaida. Yeye hakushtuka. Kwao nyumbani ndiyo lugha yao, hakuona kilichopungua mpaka tulipomwambia. Hapo akakaa kitandani miguuni pa mumewe, akasema, "Kiswahili? Huyu?" Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini, akajifunika uso na kanga.

Ofisini nilirudi kesho yake. Mtu alikuwa ameshafuta chai. Nilichomeka waya, nikawasha kompyuta ya meneja, na kabla sijaketi printa ikanguruma yenyewe, ikaanza kutoa karatasi za bwana shamba zilizokuwa zimekwama kwenye foleni tangu jana, moja baada ya nyingine, na ile yangu ya majaribio, na za uhasibu. Najua programu inavyofanya kazi. Mimi ndiye niliyeiweka. Lakini nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na sikuzigusa mpaka bwana shamba alipokuja kuzichukua. Naye alizichukua haraka, hakuzilinganisha kingo.

Kaimu meneja aliyeletwa alitaka printa ihamie mapokezi. Nilitii. Niliifuta kwenye kompyuta ya meneja, nikaiweka kwenye yangu, nikapita chumba kwa chumba kuzielekeza mashine mahali papya. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri na kila kitu kikaenda vizuri. Ila nilianza tabia ya kupita barazani kila asubuhi, nikigonga mlango mmoja mmoja, nikisingizia kuuliza kama mtandao unashika. Hakuna aliyenihoji. Baadaye niligundua mama mhasibu naye anafanya hivyo hivyo.

Meneja alirudishwa kwao. Nilipokwenda kumwona Nyakakika, nilimkuta amekalishwa kwenye kiti chini ya migomba, mkono mmoja umelala mapajani kama kitu alichoombwa akishike. Alikuwa amenawiri kiasi. Mkewe aliniwekea kigoda, akamwambia kwa Kinyambo mimi ni nani. Mzee akanitazama kwa muda. Nikaona kwamba safari hii ananijua. Akaukusanya mdomo, jasho likamtoka puani, akasema polepole, "Shikamoo."

Mimi ni sawa na mwanawe wa mwisho. Sijawahi kusikia mtu wa umri wake akimpa mtu wa umri wangu salamu hiyo, na aliyeitoa ndiye aliyekuwa akitusahihisha hata namna ya kuitikia. Siwezi kumwitikia marahaba, na siwezi kukaa kimya. Nikapiga magoti kwenye majani makavu, nikamshika mkono ule mzima, nikamwambia, "Shikamoo, mzee."

"Shikamoo," akarudia. Alikuwa amefurahi. Alikuwa amelipata neno.

"Ndilo lililorudi jana," mkewe akaniambia. "Anawapa hata wajukuu. Wanakimbia."

Mengine yalirudi kidogo kidogo kwa miezi: maji, kiti, kesho, hapana. Hakurudi kazini. Sasa anaweza kukuuliza habari za ofisi kwa Kiswahili cha vipande, na akikwama anahamia kwao, nami namfuata ninapoweza. Mama mhasibu ananifundisha Kinyambo mchana tukila. Ananicheka sana.

Jioni ile ya shikamoo nilipitia Omurushaka, nikamkuta mama anakunja vitenge vya mwisho afunge duka. Nikamsimulia yote, kuanzia kiatu mpaka migombani. Alisikiliza huku anakunja, kisha mikono ikasimama.

"Sisi tuna kimoja tu," akasema.

"Kimoja nini?"

"Kiswahili. Yeye kilipoondoka alibaki na cha kwao. Mimi kikiondoka?"

Nilimsaidia kukunja vitenge vilivyobaki, tukashusha mlango wa duka, tukatembea kwenda nyumbani. Njia nzima alikuwa anaongea, habari za wateja, habari za jirani, hakunyamaza hata kidogo, na mimi sikumkatiza.